STESHENI YETU: KINGA KWANZA, RAMANI BAADAYE



Kwenye kikao baadhi yetu walisema stesheni ya reli iongezwe ghorofa na fremu za maduka. Sipingi ujenzi mpya. Napinga kujenga bila kinga.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863; mengine mpaka Waziri ayatangaze. Kwa hiyo umri wa stesheni yetu pekee hauilindi.

Tujifunze Zanzibar. Beit al Ajaib, jumba la 1883, lilianguka sehemu Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati. Jengo la zamani halibebeshwi mzigo kwa kukisia.

Maoni yangu: jengo jipya likae pembeni, kwenye msingi wake, lisizidi paa la zamani. Kodi ya fremu itaandikwa vitabuni kila mwezi. Ukuta wa zamani ukivunjwa, hasara yake haiandikwi popote.

Kikao kijacho nitaleta hoja tumwombe Diwani alisemee hili. Njooni tujadili.

Katibu wa Tawi