Mbu Tulimwacha Ushago, Jeni Tukaja Nayo



Juzi nilikaa na mama mmoja Kawangware, karibu na stage ya 46. Jina lake nalihifadhi. Mtoto wake ana miaka minne. Tangu akiwa mchanga vidole vilikuwa vinavimba, macho yanageuka njano, analia usiku kucha. Mara aliambiwa ni malaria, mara baridi yabisi. Jirani akamwambia ni macho ya watu. Mumewe akamwambia, "Kwetu hakuna damu kama hiyo, hiyo ni ya kwenu," akabeba begi lake akaenda. Baada ya miaka minne ya kuhangaika ndipo daktari mmoja akaagiza kipimo ambacho mtoto alistahili kupimwa akiwa na siku chache tu. Sikoseli. Wengine huuita selimundu.

Nataka kuongea na yule mume, na wewe unayesoma hii ukiwa Makina, Laini Saba, Gatina au Kongo, kwa sababu hii habari ni yetu sote.

Kila mtu ana jeni mbili za hemoglobini, ile inayobeba hewa kwenye damu. Moja kapewa na mama, nyingine na baba. Ya kawaida inaitwa A, ya sikoseli inaitwa S. Ukiwa na AA huna kitu. Ukiwa na AS wewe ni mbebaji, unaishi vizuri na pengine hutajua maisha yako yote. Ukiwa na SS, chembe nyekundu za damu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanaanza. Kwa hivyo mtoto wa SS amepata S moja kwa mama na S nyingine kwa baba. Yule bwana aliyesema "ni ya kwenu" amebeba nusu ya jambo hilo mwilini mwake mwenyewe. Hakuna mwanamke anayeweza kumpa mtoto SS peke yake.

Sasa utauliza: kama kitu hiki kinaua watoto, mbona hakijaisha? Watoto wengi wa SS zamani walikufa kabla ya kuoa au kuolewa. Hesabu ya kawaida inasema S ingepungua kila kizazi mpaka ipotee.

Jibu ni mbu. Mtu wa AS haugui sikoseli, na vilevile malaria kali haimpati kirahisi. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi Kilifi umeonyesha kwamba AS hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu 90%. Kijiji chenye malaria nyingi kilipoteza watoto wa SS kwa sikoseli na kilipoteza watoto wengi wa AA kwa malaria. Wa AS walibaki zaidi, wakakua, wakazaa, wakapitisha S. Hiyo ndiyo wataalamu wanaita uteuzi asilia. Hakuna mtu aliyekaa akachagua. Mazingira yanawapunguza wengine na kuwaacha wengine, na hesabu ya jeni inabadilika kizazi baada ya kizazi.

Na jambo hili liligunduliwa hapa kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hii akipima damu. Akakuta wabebaji wamezidi 20% karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu katikati hawafiki hata 1%. Ukichora ramani ya mbu na ramani ya S, zinalaliana. Baadaye alifanya jaribio na wanaume 30 Waluo waliokuwa wamekaa mbali na malaria kwa muda mrefu, akawaambukiza malaria. Kati ya 15 wasio na S, 14 walipata vijidudu kwenye damu. Kati ya 15 wenye AS, ni wawili tu. Matokeo yalitoka 1954. Dunia nzima inafundishwa habari hiyo mashuleni, na inalikumbuka jina la Allison. Wale wanaume 30 nao wanastahili kukumbukwa.

Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "hiyo ni ugonjwa wa Waluo na Waluhya," mkosoe. Jeni hii ilifuata mbu, haikufuata kabila. Iko Pwani yetu, iko Uganda, iko Oman, mashariki mwa Saudia, India, hata Ugiriki. Popote malaria ilipokaa sana.

Turudi Nairobi. Mji huu uko juu, mbu wa malaria ni wachache. Lakini Kibera na Kawangware zimejaa watu ambao wazee wao hawakutoka juu. Wanubi waliletwa na Waingereza wakiwa askari kutoka Sudan. Wengine tulipanda basi la usiku kutoka Siaya, Busia, Kakamega, wengine Kilifi na Kwale. Mbu tulimwacha ushago, jeni tukaja nayo. Hapa mjini haitukingi na kitu, imebaki na madhara tu.

Kuna anayedhani itaisha yenyewe. Hebu tupige hesabu. Chukua jamii ambayo mtu mmoja kati ya watano ni AS. Wakioana bila kupimana, ndoa moja kati ya 25 inakutanisha AS na AS, na katika kila mimba ya ndoa hiyo kuna nafasi moja kati ya nne ya SS. Hapo ni karibu mtoto mmoja kati ya 100. Sasa toa mbu wote, na tuseme (Allah atuepushe) kwamba hakuna mtoto wa SS anayefika umri wa kuzaa. S itapungua kwa nusu baada ya vizazi kama 10. Miaka 250! Nairobi yenyewe ilianza 1899 na reli, ni kama vizazi vitano tu. S nyingi zimejificha kwa watu wa AS ambao hawaumwi chochote. Kungoja maumbile yamalize kazi ni kukubali kuzika watoto kwa karne mbili na nusu.

Najua kuna ndugu wakisikia "uteuzi asilia" wanashtuka, wanafikiri nawaambia habari za nyani. Hapana. Naongea kitu kinachoonekana kwa kipimo cha damu Makina leo. Allah ndiye aliyeumba sababu na matokeo yake, na Mtume (SAW) alituhimiza tujitibu. Kujua sababu ya ugonjwa hakupunguzi tawakkul. Kinachopunguza utu wetu ni kumfukuza mama na mtoto mgonjwa kwa ujinga.

Tena angalieni Saudia. Tangu 2004 wachumba wote wanapimwa sikoseli kabla ya nikah. Wanapewa majibu na ushauri, halafu uamuzi ni wao. Hakuna anayekatazwa kuoa. Kama nchi ya Makka na Madina imefanya hivyo, sisi tunaogopa nini?

Na dawa zipo. Mtoto akijulikana mapema anapewa penisilini ya kumkinga na maambukizi, chanjo, kinga ya malaria, na haidroksiyuria. Dawa hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kiafrika, wakiwemo wa Kilifi, na ikapunguza maumivu, kuongezwa damu na vifo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu.

Kwanza, kila mtoto anayezaliwa Kibera na Kawangware apimwe kwa tone la damu la kisigino, bila mama kuombwa pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya afya ya kiwango cha juu kabisa, na hakikuandikwa kwa ajili ya watu wa Lavington pekee. Dawa nazo zipatikane kwenye hospitali za umma za mtaani.

Pili, maimamu wetu, kabla ya kufungisha nikah waulizeni vijana: mmejua damu zenu? Msiwakataze na msitangaze majibu ya mtu msikitini. Hiyo ni siri yake. Waambieni tu wapime.

Tatu, wewe mwenye mtoto wa SS, ukipanga safari ya ushago Idd au Disemba, pitia kwa daktari kwanza umpatie kinga ya malaria, na ubebe neti. Usidanganyike kwamba S inamkinga. Anayekingwa ni wa AS, na hata yeye si kabisa. Mtoto wa SS akipata malaria, hatari yake ni kubwa mno.

Nne, wanaume wenzangu. Mtoto akiumwa, nendeni hospitali wote wawili, mpimwe wote wawili. Lawama haijawahi kushusha homa ya mtoto.

Yule mama wa stage ya 46 bado anauza mboga asubuhi na kumbeba mwanawe kliniki mchana. Hajaomba huruma yetu. Ameomba mtu amwambie mumewe ukweli. Basi mimi nimeusema. Wewe uupeleke mbele, kwenye chama, kwenye darsa, kwenye kibanda cha chai.

Wabillahi tawfiq.