Vyuma Vitoke Nje: Wito kwa Wanamazoezi wa Migori na Homa Bay

Tarehe 17 Juni 2021, Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, alitaja kaunti 13 za magharibi na ukanda wa ziwa ambazo zingewekewa masharti makali kuliko kwingineko nchini. Homa Bay ilikuwemo, na Migori pia. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Masoko yasiyo ya chakula na minada ya mifugo vilifungwa, ibada za ana kwa ana zikasimamishwa, na mazishi yakatakiwa yafanyike ndani ya saa 72. Korona aina ya Delta ilikuwa imekwisha kutufikia, na hewa ya oksijeni ikawa kitu cha kuulizia hospitali hadi hospitali.

Kafyu ya nchi nzima iliondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka huo. Tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Katikati ya tarehe hizo mbili wanamazoezi walirudi jimu, mmoja mmoja, kila mtu na hesabu yake kichwani: nirudi au ningoje? Nikirudi, nitampelekea nini nyanya yangu nyumbani? Nisiporudi, presha yangu itakuwaje? Hesabu hiyo kila mtu aliifanya peke yake. Hatukuwahi kukaa chini kama watu wanaovuta hewa ya chumba kimoja tukaulizana. Ndugu zangu wa Rongo, Awendo, Isebania, Oyugis, Kendu Bay, Mbita na miji yetu yote, naomba tukae chini sasa, wakati hakuna kafyu na hakuna hofu.

Tuanze na vyumba vyenyewe. Jimu nyingi za huku ni chumba cha duka chenye mlango mmoja wa chuma mbele na ukuta mtupu nyuma, au banda la mabati lililoongezwa pembeni mwa ploti ya kupangisha. Vyuma vyetu vingi ni vya kujitengenezea: mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, ekseli ya gari kuukuu, benchi lililochomelewa na fundi wa jirani. Nazisifu jimu hizi. Zimejengwa na vijana kwa pesa zao, bila mkopo wa mtu, na zimewatoa wengi vijiweni. Lakini wateja hufika kwa wingi saa kumi na mbili jioni, baada ya kazi. Muziki unawashwa, na ili majirani wasilalamike, dirisha kama lipo linafungwa. Watu 15 wanabaki humo wakihema kwa saa nzima.

Kuhema ndiko kwenye jambo lenyewe. Watafiti wa Ujerumani walipima mwaka 2022 chembe ndogo ndogo zinazotoka na pumzi ya mtu. Aliyetulia alitoa wastani wa chembe 580 kwa dakika; yule yule alipofanya mazoezi hadi mwisho wa nguvu zake, alitoa zaidi ya 76,000. Chembe hizo ndizo zinazobeba virusi, na ni nyepesi kiasi cha kuelea. Zinajaa chumbani kama moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha: ukikaa mita mbili kutoka kwenye mafiga, macho bado yatawasha. Anayenyanyua vyuma anazitoa kwa wingi na kuzivuta kwa wingi, maana mapafu yake yanaingiza hewa mara nyingi kuliko ya mtu aliyekaa.

Ndiyo sababu yaliyotokea Cheonan, mji wa Korea Kusini, mwanzoni mwa 2020 yanatuhusu. Wagonjwa 112 walihusishwa na madarasa ya dansi ya mazoezi katika vituo 12, vyumba vidogo vyenye watu wanaoruka na kuhema. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameambukizwa alifundisha mazoezi ya taratibu ya kujinyoosha, na wanafunzi wake hawakuugua. Chicago, Agosti na Septemba mwaka huo huo, watu 81 walihudhuria madarasa ya mazoezi makali katika jimu moja, na 55 wakapata korona. Jimu hiyo ilikuwa ikipima joto mlangoni, watu walikuwa wachache kuliko uwezo wa chumba, na mikeka iliachana karibu mita mbili. Lakini wakati wa mazoezi watu waliruhusiwa kuvua barakoa. Tena wagonjwa 22 walikuja darasani siku dalili zilipoanza, au baada yake.

Sisi nasi tulikuwa na vipima joto milangoni, na mitungi ya maji yenye mifereji, na sabuni. Sisemi vilikuwa bure. Mpoksi, ambayo kisa chake cha kwanza nchini kilitangazwa Julai 2024 baada ya kugunduliwa mpakani Taveta, huambukiza kwa kugusana ngozi na kwa vitu vilivyoguswa na mgonjwa, kwa hiyo benchi la jimu lifutwe na kila mtu aje na taulo lake. Lakini ugonjwa unaosafiri na hewa hauzuiwi na sabuni wala na nafasi ya mita mbili katika chumba kilichofungwa. Unazuiwa na hewa inayobadilika.

Kuna wanaosema basi jimu zifungwe tu kila ugonjwa ukija. Sikubaliani nao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliwakuta takriban robo ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 wana shinikizo la juu la damu, na walio wengi hawakuwa wakitibiwa. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mvuvi anayevuta nyavu Mfangano anazipata bila kujua. Karani wa kaunti, mwenye duka la M-Pesa, mwendesha bodaboda anayekaa juu ya pikipiki tangu alfajiri hawazipati. Ukiwafungia jimu miezi mitano umewaongezea ugonjwa mwingine, unaoua polepole na bila kutangazwa kwenye taarifa ya saa moja. Kukimbia kando ya barabara kuu ya A1 nako si mbadala, kwa malori ya Isebania na giza lililopo. Kwa mwanamke ndiyo kabisa. Saa moja ya usiku barabarani peke yake ni hatari ambayo hakuna takwimu ya korona inayoweza kuishinda.

Basi tunarudi kwenye chumba. Na hapa nataka kusema jambo linaloniuma kuliko mengine yote.

Kaunti zetu mbili zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zenye watu wengi zaidi wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini. Kifua kikuu kinaandamana na Ukimwi, nacho husafiri kwa hewa vile vile. Uchunguzi wa kitaifa uliokamilika mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu wagonjwa wanne wa kifua kikuu kati ya kila kumi hawakuwa wamegunduliwa. Selimundu iko katika familia nyingi za ukanda wa ziwa. Katika kila jimu ya huku yumo mtu anayemeza dawa zake kila siku na kufanya mazoezi yake vizuri, na si haki ya yeyote kumjua. Tunapomwambia kila mtu apime hatari yake mwenyewe, kwa kweli tunampa mtu huyo mambo mawili ya kuchagua: aje katika hewa mbaya, au asije na watu waanze kuuliza kwa nini haonekani. Mtaa wetu ni mdogo. Kutokuonekana nako ni kutangazwa.

Ndiyo maana nasisitiza tulifanye pamoja. Chumba kikiwa na hewa safi kwa wote, hakuna anayelazimika kueleza hali yake kwa kocha, kwa mwenzake wa benchi wala kwa mwenye jimu. Isije ikatungwa fomu ya kuuliza magonjwa mlangoni. Tutengeneze hewa.

Wenye jimu, wakuu wangu, naanza nanyi kwa sababu ukuta ni wenu. Pale mnapoweza, vyuma vitoke nje. Paa la mabati juu ya nguzo, sakafu ya zege, bila kuta, si ujenzi mkubwa, na mchana Homa Bay upepo wa ziwa hufanya kazi yote bila bili ya umeme. Vyuma vya saruji haviogopi unyevu. Kama mwenye ploti hakubali, basi toboeni ukuta wa nyuma ili hewa iingie upande mmoja na kutoka mwingine. Mlango mmoja peke yake hautoshi, hewa huzunguka humo humo. Najua mtaniuliza habari ya mbu. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya huko huko Homa Bay, Septemba 2019. Hatuhitaji kufundishwa mbu ni nini. Wekeni wavu kwenye madirisha makubwa, si kuyaziba. Na muziki ushushwe kidogo ili dirisha libaki wazi.

Kipimo chake ni rahisi. Ingia jimu asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Ukikuta bado inanuka jasho la jana jioni, hewa ya jana haijatoka, na chochote kilichokuwa ndani yake kimekaa na watu muda mrefu kuliko inavyofaa.

Jambo la pili ni pesa, na tuliseme bila haya. Mtu aliyelipa mwezi mzima atakuja na kikohozi chake, kwa sababu siku asiyokuja ameipoteza. Wale 22 wa Chicago hawakuwa watu wabaya. Mtu huja kwa sababu amezoea, amelipa, na anajiambia ni mafua tu. Tukubaliane katika jimu zote: anayekohoa, mwenye homa, mwenye kuumwa koo asije, na siku alizokosa aongezewe mwishoni mwa mwezi bila kudaiwa barua ya daktari. Ujumbe wa simu unatosha. Mwenye jimu mmoja akifanya hivyo peke yake ataogopa hasara. Wote wa mji mmoja wakikubaliana, hakuna anayempokonya mwenzake wateja. Ndiyo sababu ninaomba wenye jimu wa Migori mjini wakutane, na wa Homa Bay wakutane, hata kama hawajawahi kuketi meza moja. Na kikohozi kinachozidi wiki mbili kiende kupimwa kifua kikuu. Hospitali za umma hupima na kutibu bila malipo.

Ninyi makocha, msimsukume mtu aliyetoka kuugua. Korona inaweza kugusa moyo, na mtu aliyelala wiki mbili kisha akabebeshwa uzito wake wa zamani siku ya kwanza anaweza kuanguka. Aanze kwa kutembea, aongeze kidogo kidogo, na akihisi maumivu ya kifua, moyo kudunda ovyo au kizunguzungu, aache na aende hospitali. Mwenye selimundu anywe maji na apumzike anapotaka. Asiaibishwe mbele ya wengine kwa kuweka chuma chini.

Nasi wateja tuna chama karibu kila mmoja wetu: cha mazishi, cha ng'ombe, cha viti na hema. Jimu nayo inaweza kuwa na chama chake. Mabati ya banda la wazi yanaweza kununuliwa kwa michango ya miezi michache, na likisimama, ugonjwa mwingine ukija, mazoezi hayatahitaji kufungwa na mwenye jimu hatafukuzwa na mwenye ploti kwa kodi aliyoshindwa kulipa. Tuwaalike pia wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba yao tangu Septemba 2023; mashine ya kupima presha wanayo, na Jumamosi moja ya mwezi jimuni itawafikia vijana wa kiume ambao kliniki haiwaoni kamwe.

Serikali za kaunti nazo zina deni. Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay ulitengenezwa ukapokea sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2025. Viwanja kama hivyo, pamoja na vile vya shule na vya wadi, vinaweza kufunguliwa jioni kwa watu wanaofanya mazoezi, vikawa na taa na mlinzi, ili mama aliyefunga kibanda chake saa kumi na mbili akimbie mizunguko yake bila kuogopa. Sehemu yenye paa na vyuma vichache kando ya uwanja si mradi mkubwa. Lakini hautaingia kwenye bajeti usipotajwa.

Makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi wasikilizwe. Mikutano ya wadi ya kuwasikiliza huhudhuriwa na wazee wachache na watu wanaodai barabara na maji. Twende nasi. Kila jimu ichague watu wawili, mmoja wao mwanamke, waende na ombi lililoandikwa: taa, paa, mlinzi, na jina la uwanja. Ombi liachwe kwa msimamizi wa wadi, nakala igongwe muhuri, na nakala hiyo ibandikwe ukutani jimuni ili kila anayeingia aisome na aulize limefikia wapi.