Bei ya Pikipiki ya Umeme Yataka Soko Moja

Maneno juu ya pikipiki na skuta za umeme yamekuwa mengi siku hizi katika Afrika ya Mashariki. Wapo wanaozisifu kwa kuwa hazitoi moshi, na wapo wanaozibeza kwa kuwa ni ghali. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zasema kweli, lakini hakuna hata upande mmoja unaolijibu swali la mwendesha bodaboda wa Nkoaranga: kwa nini chombo chenye mtambo mwepesi kuliko ule wa petroli kinamgharimu fedha nyingi kukipata? Swali hili ni la haki. Yule apandaye kila siku miteremko ya Mlima Meru kutoka Usa River, akipeleka wagonjwa hospitali na kushusha ndizi sokoni, hanunui sifa. Anunua chombo cha kumlisha yeye na watoto wake.

Jibu lake ni kwamba bei ya kitu cha kiwandani haitokani na chuma na waya peke yake. Yatokana pia na idadi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kiwanda chatumia shilingi bilioni 1 kununua kalibu, mashine za kuchomelea fremu na vyombo vya kupimia betri. Kikitengeneza pikipiki 1,000, kila moja yabeba shilingi milioni 1 ya gharama hiyo kabla hata mfanyakazi hajalipwa mshahara. Kikitengeneza 100,000, kila moja yabeba shilingi 10,000 tu. Chuma ni kile kile na mafundi ni wale wale. Kilichobadilika ni idadi ya wanaogawana mzigo.

Tena liko jambo la ununuzi. Mwenye kuagiza betri 200 hupokea bei anayotajiwa, lakini mwenye kuagiza 200,000 huketi mezani akapatana. Mkulima wa kahawa wa Meru hahitaji mwalimu wa kumfundisha jambo hili. Ajua kwamba debe moja huenda kwa bei ya mchuuzi, na kwamba ushirika ulianzishwa ili madebe mengi yawe na sauti moja.

Jambo la mwisho ni ustadi. Mwaka 1936 mhandisi wa Kimarekani, Theodore Wright, alionyesha kwamba katika utengenezaji wa ndege, kila idadi ilipoongezeka maradufu, gharama ya kazi kwa ndege moja ilipungua kwa karibu asilimia 20. Kabla yake Henry Ford alikwisha kuuonyesha ulimwengu jambo hilo kwa vitendo: gari lake la Model T lililouzwa dola 850 mwaka 1908 lilikuwa chini ya dola 300 kufikia mwaka 1925. Betri nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2010 betri za lithiamu zilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa wastani kwa kila kilowati-saa. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Na betri ndiyo sehemu iliyo ghali kuliko zote katika pikipiki ya umeme.

Sasa tutazame hali ya kwetu. Kigali kuna Ampersand, Kampala kuna Zembo, Nairobi kuna Roam, ambayo mwaka 2023 ilifungua kiwanda chenye uwezo wa pikipiki 50,000 kwa mwaka. Serikali ya Rwanda nayo iliamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazoandikishwa Kigali ziwe za umeme. Juhudi hizi twazipongeza kwa moyo mweupe. Lakini India peke yake hutengeneza pikipiki na skuta zaidi ya milioni 20 kwa mwaka. Uwezo wote wa kiwanda kile cha Nairobi, hata kikifanya kazi usiku na mchana, haufiki sehemu moja katika 400 ya hizo. Na juu ya uchache huo twaongeza mgawanyiko: mara nyingi kila kampuni ina betri ya umbo lake, isiyoingia katika pikipiki ya kampuni nyingine, na kila moja yalazimika kujenga vituo vyake vya kubadilishia betri. Gharama ya vituo hivyo humwangukia nani? Humwangukia mwendesha bodaboda.

Mkoa wa Arusha una sababu ya kulifahamu jambo hili kuliko wengine. Katika mapatano ya Kampala ya mwaka 1964, nchi za Afrika ya Mashariki zilikusudia kugawana viwanda ili kila kimoja kipate soko zima, na matairi yakawa fungu la Tanganyika. Mapatano yale hayakutimizwa. Kiwanda cha General Tyre kilijengwa Arusha, lakini Kenya nayo ikapata kiwanda chake cha Firestone Nairobi. Soko moja likawa na viwanda viwili. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka ukafungwa. Kabla ya mwaka 2010 mitambo ya General Tyre ilikuwa imekwisha kunyamaza. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Mtaji, uendeshaji na matairi ya bei nafuu kutoka nje yalikuwa na sehemu yake. Lakini kiwanda kilichonyimwa soko tangu kuzaliwa kwake hakiwezi kushindana na waliojengewa soko.

Watakuwapo watakaosema: kwa nini tusinunue pikipiki zilizo tayari kutoka China, ambako wingi umekwisha kushusha bei? Seli za betri zenyewe tuzinunue huko kwa sasa, wala si aibu. Lakini fremu, viti, waya, kuunganisha betri na matengenezo ni kazi ambazo mikono ya vijana wetu yaweza kuzifanya, na fedha yake ikabaki nyumbani. Watakuwapo wengine watakaotaka kila karakana ndogo ikingwe kwa ushuru mkubwa. Hao nao twawaonya. Ushuru hauongezi idadi ya pikipiki zinazotoka kiwandani. Huongeza tu fedha zinazotoka mfukoni mwa mnunuzi. Kinga isiyo na kikomo ni kodi anayotozwa mnyonge ili kulisha uzembe.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tayari ina desturi ya kutunga viwango vya pamoja, itunge kiwango kimoja cha betri za kubadilisha, ili betri iliyochajiwa Usa River iingie katika pikipiki iliyounganishwa Nairobi au Kigali. Pili, nchi wanachama zigawane utengenezaji wa sehemu, huyu mota, yule fremu, badala ya kila mmoja kutaka kila kitu. Soko lipo: Jumuiya ina nchi nane na watu zaidi ya milioni 300. Tanzania haiendi mezani mikono mitupu. Tuna kinywe cha Mahenge na nikeli ya Kabanga, madini ya kutengenezea betri. Tuna bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Na hapa Arusha tuna TEMDO na CAMARTEC, taasisi za wahandisi wetu wenyewe.

Makao makuu ya Jumuiya hayako mbali na Nkoaranga. Ni safari fupi kwa barabara ya Moshi. Wajumbe wanaokutana humo waelewe kwamba kila mwaka wanaouchelewesha uamuzi huu una bei yake, na bei hiyo hailipwi na wao. Umoja ni nguvu, nasi twaongeza kwamba umoja ni nafuu pia. Mapatano ya mwaka 1964 yaliachwa yakafa mikononi mwa wazee wetu. Haya ya leo yasifie mikononi mwetu.