Kipindi cha Michezo Kisifutwe

Mtihani wa taifa unapokaribia, kipindi cha michezo huwa miongoni mwa vya mwanzo kufutwa katika ratiba ya shule nyingi za Tanzania. Mwanafunzi wa darasa la saba au kidato cha nne huketi darasani tangu asubuhi hadi jioni, kisha huendelea na masomo ya ziada. Nia ya walimu na wazazi ni njema. Kasoro imo katika njia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mazoezi huimarisha moyo na mifupa, hupunguza dalili za sononi na hunoa umakini ule ule unaohitajika katika mtihani.

Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yanastahili sifa, lakini huchagua wenye vipaji. Walio wengi hubaki watazamaji, ilhali mbio, kamba na rede havihitaji vifaa vya gharama.

Tena, uwanjani mwalimu humwona mwanafunzi anayejitenga au aliyeacha kucheka. Dalili hizo hazisomeki katika karatasi ya majibu. Mkuu wa shule anayekilinda kipindi hicho hapotezi muda wa masomo. Anaulinda mwili na nafsi vitakavyoyabeba masomo hayo.