MUHULA MFUPI NA MWANAFUNZI WA MBALI



Nawaandikia kutoka Tindiga, Kilosa, nilikofungua duka. Barazani pangu hukaa wanafunzi wa vyuo vikuu wajapo likizo, nao wamegawanyika juu ya mihula. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichosimama peke yake mwaka 1970, kilishika utaratibu wa mihula miwili katika miaka ya 1990, nao leo ndio wa vyuo vingi nchini. Zamani mtihani mkubwa ulingoja mwisho wa mwaka. Wausifuo mpya husema kuwa mtu habebeshwi mzigo wa mwaka mzima kwa siku chache. Neno hilo ni la haki.

Lakini mmoja alinambia: “Bwana, muhula ni majuma kama kumi na tano. Mafuriko ya Kilosa ya Januari 2010 yalikata reli. Aliyekwama angengojwa na nani?” Na fedha za mkopo zikichelewa majuma manne, katika mwaka hufidika, katika muhula ni zaidi ya robo ya masomo. Sisi tuliosoma chuoni, mwalimu alitusikiliza hata juzuu ikakaa kifuani, asihesabu majuma. (Bakora yake, kweli, haikuwa na subira hiyo.)

Basi chama chetu kidai fedha ziwe mkononi mwa mwanafunzi kabla ya somo la kwanza, na aliyezuiliwa na maji apewe mtihani wake bila ya kuandikwa kuwa ameshindwa. Mwana wa Pemba naye hungoja bahari itulie, kama wa huku angojavyo Mkondoa upungue.