MTOTO NI AMANA, SI MZIGO WA KUJAZIA GARI



Ndugu zangu wa Kigoma, Ujiji na vijiji vyote vya mwambao wa ziwa, leo nina neno na wazazi, walimu wa shule, na sisi walimu wa madrasa.

Ikitokea ajali, msibani husemwa: "Imeandikwa." Ni kweli, tunaiamini qadar ya Allah. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Allah. Je, sisi ngamia tumemfunga?

Mei 6, 2017, wanafunzi wa Lucky Vincent ya Arusha walikuwa safarini kwenda kufanya mtihani na wenzao wa shule nyingine. Huko Karatu basi lao likatumbukia korongoni. Watoto 32, walimu 2 na dereva wakafariki. Aprili 12, 2024, gari la shule lilisombwa na mafuriko Muriet, Arusha, wakafa wanafunzi 8. Watoto hawa waliagwa vizuri nyumbani, wakakabidhiwa mikononi mwa watu wazima.

Tusiseme hayo ni ya Arusha. Siku ya Maulid hapa kwetu watoto husimamishwa kwenye lori la wazi wakiimba kaswida, nasi tunafurahi. Wengine hupakiwa mishikaki kwenye bodaboda. Na wa vijiji kama Kagunga njia yao ni ziwa. Michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA huwa katikati ya mwaka, kiangazi, miezi ambayo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na Tanganyika huchafuka.

Basi kabla mtoto hajapanda, uliza: Kila mtoto ana kiti chake? Kwenye boti, kila mtoto amevaa jaketi la kujiokolea linalomtosha, au yamefungwa kamba kwenye kona? Nani ana orodha ya majina, na atawahesabu wakati wa kwenda na wa kurudi? Dereva au nahodha amelala usiku?

Mzazi, ukikataa kuchangia nauli ya gari la pili, nawe umeshiriki kulijaza la kwanza. Kama fedha hazitoshi, waende wachache, au safari iahirishwe. Na mwalimu akisema, "Leo hatuendi, ziwa limechafuka," msimwite mwoga. Mshukuruni. Kombe litashindaniwa tena mwakani.

Allah katika Suratul Baqara, aya ya 195, ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Itakuwaje basi kumtia mtoto asiye na uwezo wa kukataa? Mtume ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Dua ya safari tuisome, na tuisome tukiwa tumeshawahesabu watoto.

Ewe Mola, walinde watoto wetu nchi kavu na majini. Amin.

Wabillahi tawfiq.