Mto Umepungua, Ukingo Umeanguka

Kila Masika wimbo ni ule ule: mto umekula konde. Mto wa Mwera hauna meno. Tuliolima mpaka kwenye maji ni sisi, tuliong'oa matete ni sisi, na tuliopanda migomba ukingoni tukidhani itashika udongo ni sisi pia. Mizizi ya mgomba haiendi chini sana. Ukingo ukilowa, mgomba huanguka wenyewe, na bonge la udongo juu.

Tazameni ukingo unaanguka lini. Mara nyingi si siku mto umefura. Ni siku ya pili au ya tatu, jua limewaka, maji yameshuka, watu wamesharudi kondeni. Maji yalipokuwa juu yaliuegemea ukingo, yakauzuia. Yakishuka ghafla, udongo unabaki mzito kama godoro lililonyeshewa, na hauna tena wa kuuzuia. Ufa hutokea hatua moja au mbili nyuma ya ukingo, sambamba na mto. Ukiuona, usiende kuchungulia.

Nasi tunausaidia uanguke. Mpunga ukizidiwa maji, mtu anachukua jembe na kukata mfereji moja kwa moja hadi mtoni. Mwingine anachimba mchanga wa kujengea pale pale ukingo unapokanyaga, kisha anashangaa juu kumeporomoka.

Dawa haihitaji mfadhili wala warsha: acheni ukanda usiolimwa kando ya mto. Bara, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Kwetu Unguja, mita 60 kwa wengine ni konde zima, basi tuanze na hatua kumi. Hapo paote matete na majani ya tembo. Ng'ombe akatiwe, asichungiwe hapo. Ukingo uliosimama wima ulazwe kwa jembe wakati wa kiangazi. Maji ya majaruba yapite kwenye majani taratibu, lakini yasituame: ukanda ulioshiba maji nao huporomoka, uwe na majani usiwe nayo.

Tutaambiwa ardhi haitoshi. Ile iliyokwenda na maji Masika iliyopita inamlisha nani?

Vuli huanza Oktoba. Kabla ya hapo, sheha na wenye makonde wanahitaji asubuhi moja, vigingi na kamba ili kuupima ukanda. Kamba inauzwa Darajani, mjini.